Taya Likiuma, Tusikimbilie Kuchonga Meno



Kuna nadharia moja kongwe ambayo bado inatafuta wateja, nami nusura niwe mmoja wao. Taya langu la kulia lilianza kulia "kach!" kila nikipiga mwayo, na kutafuna nyama ikawa mtihani. Daktari wa meno alinitazama dakika tano tu, akasema: meno yako hayakutani sawasawa, tuyachonge. Nikaomba muda, nikaenda kusoma.

Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio na koo huko St. Louis, Marekani, aliandika kwamba magego yakipotea taya hujifunga kupita kiasi na kubana kiungo chake, ndipo sikio huuma na kizunguzungu huja. Wataalamu wa anatomia baadaye waliyavunja maelezo hayo. Ajabu ni kwamba hoja ilikufa, lakini lawama ikabaki kwenye meno!

Hebu tuipime. Kwanza, watu tele wana meno yaliyopishana na hawaumwi chochote, na wenye meno yaliyopangika kama lulu wanaumwa. Pili, maradhi haya huwapata zaidi wanawake, hasa wa umri wa kuzaa. Ati meno yao hukutana vingine kuliko yetu? Tatu, mara nyingine mambo ni kinyume: kiungo kikiliwa na baridi yabisi, taya husogea na meno hubadili mkao. Hapo tunayaita matokeo kuwa chanzo.

Sisemi meno hayahusiki kamwe. Jino likizibwa likaachwa juu mno, misuli yaweza kuuma kwa muda. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2003 hayakupata ushahidi kwamba kuchonga meno kunatibu au kuzuia tatizo hili.

Mie nilishika chakula laini, kitambaa cha moto, mazoezi ya taya, na kuacha kuyabana meno ninaposahihisha mitihani. Kach bado ipo, maumivu yamekwisha. Huo si ushahidi, maana mengi ya maumivu haya hupungua yenyewe. Ndiyo sababu hasa ya kutoharakisha: tiba laini ikishindwa unaiacha, jino likishachongwa halioti tena.

Basi ukiambiwa uchongwe, muulize daktari: ushahidi uko wapi? Wenye fani yao wanisahihishe.