Umeme Hauliwi na Balbu ya Kwanza

Kwa miaka mingi niliamini kuwa najua kufundisha umeme. Nilikuwa na chaki, ubao na sauti ya kutosha ukumbi mzima, na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walifaulu. Kisha siku moja binti mmoja, aliyekuwa miongoni mwa wenye alama za juu, alibisha hodi ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Hesabu zote nilipata. Lakini balbu ya kwanza ikishakula umeme wake, ya pili inawakaje sawasawa na ile ya kwanza?"

Nilinyamaza. Katika mtihani alipata alama zote za swali hilo. Alijua kanuni, akaitumia, akapata jibu. Lakini moyoni bado aliona umeme kama chakula kinachopungua kila kinapopitia. Na si yeye peke yake. Nilipowauliza wenziwe bila hesabu, wengi walijibu vivyo hivyo. Wengi wao walikuwa wakienda kuwa walimu wa sekondari. Nilikuwa nimewapa vyeti vya kwenda kueneza kosa.

Ndipo nilipoanza kutazama kwa makini programu za kompyuta zinazomruhusu mwanafunzi kutenda, si kutazama tu. Niliyoichagua imetokana na mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, huko Marekani. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Programu zenyewe hutolewa bure. Katika ile ya sakiti, mwanafunzi huchukua betri, waya na balbu, akaviunganisha apendavyo. Ndani ya waya huona vijitufe vya buluu vikitembea, ndizo elektroni. Akiunganisha vibaya, betri hushika moto kiooni, wala hakuna anayeungua.

Fadhila yake kubwa ni moja: inaonyesha kisichoonekana. Mimi kwa chaki nilisema tu kuwa mkondo ni uleule kabla na baada ya balbu. Pale mwanafunzi huviona vijitufe vikiingia na kutoka kwa mwendo ule ule. Kinachotolewa katika balbu ni nishati, elektroni zenyewe haziliwi. Mwaka 2005 Finkelstein na wenzake wa chuo hicho walichapisha utafiti wao: wanafunzi waliojifunza kwa programu hiyo waliunganisha na kueleza sakiti za kweli vizuri kuliko waliojifunza kwa vifaa vyenyewe. Nilisoma habari hiyo mara mbili, maana ilinichoma.

Hata hivyo, kusifu si kufumba macho. Vijitufe vile vinahesabika. Katika mkondo wa ampia 1, elektroni zinazopita mahali pamoja kwa sekunde 1 ni takriban milioni milioni milioni 6. Wala si za buluu. Kijana mmoja aliniuliza kwa dhati kama darubini kali ingetuonyesha rangi hiyo. Picha iliyoondoa kosa moja ilikuwa imepanda jingine, nami sikumtahadharisha.

Kasoro ya pili ni yetu sisi walimu. Mara ya kwanza niliwaachia wanafunzi programu, nikakaa pembeni kama mtu aliyetua mzigo. Walicheza kwa furaha, wakachoma betri, wakacheka. Mwisho wa saa niliwauliza lile swali la balbu mbili, na majibu yalikuwa yale yale. Muhula uliofuata nilibadili utaratibu. Kila mmoja aliandika kwanza anachokitarajia, akaeleza kwa nini, ndipo akagusa kompyuta. Aliyekosea aliona kosa lake mwenyewe, kwa maandishi yake mwenyewe. Hapo ndipo chumba kilipokuwa kimya, na kimya kile kilikuwa cha kufikiri.

Na kuna siku umeme ulikatika katikati ya somo la umeme. Vioo vikazimika vyote. Nikatoa sandukuni betri za tochi, waya na balbu ndogo. Balbu zikakataa kuwaka, kwani waya zilikuwa na kutu na viungo vimelegea. Wanafunzi wakashangaa, maana kiooni waya haikuwa na kutu kamwe. Tukakwangua, tukabana, tukajaribu tena. Balbu mbili zikawaka, hafifu, lakini kwa mwanga ulio sawa.

Hukumu yangu, msomaji, ni hii. Programu hizi ni nzuri, na anayezikataa kwa kuipenda chaki anawadhulumu wanafunzi wake. Lakini hazitoshi bila swali linalotangulia, na hazitoshi bila waya yenye kutu inayofuata. Kompyuta ionyeshe kisichoonekana, mkono ushike kinachoshikika, na mwalimu asikae pembeni.

Binti yule aliyebisha hodi alikwisha kuhitimu kabla sijapata jibu la kumfaa. Nilimjibu siku ile kwa kumrudia kanuni ubaoni. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka, nami nikajua kuwa hakuelewa.