Kazi na Jina Ugenini: Tazamo juu ya «By the Sea» ya Abdulrazak Gurnah

Katika riwaya hii ya mwaka 2001, Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, anaonyesha kwamba mhamaji habadili kazi pasipo jina lake kuguswa. Latif Mahmud, aliyeitwa Ismail utotoni, alipelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea utabibu wa meno. Twamkuta London, mwalimu wa fasihi wa chuo kikuu. Saleh Omar, aliyekuwa mwuza samani, aingia Uingereza kwa jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Mmoja ajipatia riziki kwa lugha, mwingine ajikinga kwa kimya. Kasoro ni hii: miaka iliyomtoa Latif katika meno hadi vitabuni yasimuliwa haraka, napo ndipo msomaji alipotarajia kuonyeshwa gharama ya kugeuka.