Lugha ya Hati za Kukabidhiana Gari la Kukodi

Hati ya kukabidhiana gari la kukodi ni karatasi fupi. Hujazwa mara mbili: gari linapochukuliwa na linaporudishwa. Hata hivyo, neno moja lililowekwa mahali pasipo pake laweza kumtoa mtu fedha asizostahili kuzitoa, kwa kuwa amana aliyoiweka hukatwa kwa kufuata yaliyoandikwa humo. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi chache zinazotumika katika hati za namna hiyo, na kuonyesha zipi zafaa na zipi zina walakini.

Kosa lililo kubwa ni kuchanganya kukodi na kukodisha. Anayelitwaa gari kwa malipo hukodi. Mwenye gari hukodisha. Tofauti hii ni ile ile iliyopo baina ya kukopa na kukopesha, kupanga na kupangisha. Katika mazungumzo wengi husema "nimekodisha gari" wakiwa na maana ya kulichukua, na msikilizaji hutambua kusudi lao kwa kuwa anawaona na kuwajua. Hati haina msaada huo. Ikiandikwa kwamba mkodishaji atalipia hasara yote, basi kwa sarufi sanifu anayetakiwa kulipa ni mwenye gari mwenyewe. Mfasiri aliyekusudia kumbana mteja amemfungua, akamfunga tajiri wake. Uzito wa jambo hili umezidi tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Kwa upande wa mtenda, hapana haja ya kubuni umbo jipya kama mkodaji. Vitenzi vya namna ya safiri, hariri na fasiri vimetupatia msafiri, mhariri na mfasiri. Vivyo hivyo kodi yatupa mkodi. Mfasiri anayechelea kwamba mkodi na mkodishaji bado yanakaribiana mno kwa msomaji wa haraka, na aandike mwenye gari na mchukua gari. Maneno hayo si ya fahari, lakini hayana utata.

Jambo la pili ni neno uharibifu. Hati nyingi huliweka juu ya safu ya ukaguzi tangu gari linapochukuliwa. Neno hili lina mtenda ndani yake: palipo uharibifu pana aliyeharibu. Mkaguzi anayelizunguka gari hamwoni mtenda. Aonacho ni kasoro tu. Kwa hiyo safu zote mbili, ya kuchukua na ya kurudisha, yafaa ziitwe kasoro. Zikilinganishwa, na kasoro mpya ikaonekana, ndipo litakapoulizwa swali la pili: je, huu ni uharibifu, au ni uchakavu wa kawaida? Mpira wa tairi uliolika kwa mwendo ni uchakavu. Tairi iliyopasuka ubavuni kwa kupanda ukingo wa barabara ni uharibifu. Hati isiyo na neno uchakavu humnyima mkodi utetezi wake. Wahasibu nao hulitumia neno hilo kwa kushuka kwa thamani ya mali, ndiyo maana tunashauri liandikwe kikamilifu: uchakavu wa matumizi ya kawaida.

Tatu ni majina ya kasoro zenyewe. Kuandika "imeumia" au "ina alama" hakutoshi, kwani gharama za kutengeneza hutofautiana. Kiswahili kina maneno ya kutosha, nasi twapendekeza yatumike hivi:

Mkwaruzo: mstari uliochorwa juu ya rangi.
Mchubuko: mahali rangi ilipobanduka.
Mbonyeo: bati lililoingia ndani, rangi ikiwa imebaki au la.
Ufa: mpasuko katika kioo, taa au bampa.
Mmeguko: kipande kidogo kilichotoka, hasa kwenye kioo kilichopigwa na kokoto.

Mmeguko wa kioo cha mbele aghalabu huzibwa. Ufa huweza kurefuka kwa mtikisiko hadi kioo kizima kikabadilishwa. Anayeyachanganya maneno haya mawili amechanganya bei mbili.

Nne ni pande. Kulia na kushoto hugeuka kwa kutegemea kama mkaguzi amesimama mbele ya gari au ameketi ndani yake. Wengine hukimbilia "upande wa dereva". Istilahi hiyo yafaa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako usukani kwa kawaida huwa kulia. Nchini Rwanda usukani kwa kawaida huwa kushoto, na hati ikivuka mpaka, maana nayo huhamia upande wa pili. Itoshe kuandika mara moja, juu ya mchoro wa gari: kulia na kushoto ni kwa mtu aliyeketi ndani akitazama mbele.

Mwisho, maneno "hali nzuri" hayafai katika hati yoyote ya makabidhiano. Hayaelezi kilichotazamwa wala kilichosahauliwa. Wafasiri na wayaondoe. Watumishi wanaotia saini kwa niaba ya ofisi zao na wayakatae, mpaka kila kasoro iwe imetajwa kwa jina lake na mahali pake.