Injini Baridi Katika Nchi ya Jua

Lodwar kila dereva anaogopa gari kuchemka. Joto la mchana hupita nyuzi 35 bila kumshangaza mtu, na barabara ya A1 inayopanda kutoka Kitale, ikashuka Marich, ikakata Kainuk na Lokichar, haina kivuli cha kusimamia. Kwa hiyo mwenye gari akija gereji akalalamika kwamba injini yake inachelewa kupata moto, waliokaa chini ya mti huangua kicheko. Injini baridi, Turkana hii? Hapo ndipo utakapomjua fundi. Wa kubahatisha atacheka nao na kumwambia mteja amshukuru Mungu. Fundi wa kweli hatacheka. Atauliza: "Mara ya mwisho injini hii ilifunguliwa na nani?"

Naandika kumsifu huyu wa pili.

Swali lake limebeba nusu ya jibu. Katika njia ya maji kati ya injini na rejeta hukaa kifaa kidogo cha kutoshea kiganjani, themostati. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, mlango wake umefungwa, maji yanazunguka ndani kwa ndani ili yashike moto upesi. Yakifika joto lililopigwa chapa juu ya kifaa chenyewe, mara nyingi nyuzi 82 au 88, nta huyeyuka, ikavimba, ikausukuma mlango, na maji yakaenda kupoa kwenye rejeta. Hiyo ya kawaida haina waya wala kompyuta. Ikikwama imefunga, gari linachemka. Ikikwama wazi, injini inakimbia baridi safari nzima. Na huku kwetu, ukiifungua nyumba yake, mara nyingi utaikuta tupu.

Kisa chake huanzia kisimani. Mwaka wa 2013 serikali na UNESCO walitangaza kwamba chini ya Lotikipi, magharibi mwa Ziwa Turkana, kumegunduliwa hifadhi kubwa ya maji. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kuwa maji hayo yana chumvi nyingi. Wenyeji hawakuhitaji vipimo kujua ladha ya visima vingi vya Turkana. Dereva asiye na kulanti hujaza rejeta maji anayoyapata, na madini yakaganda ndani ya mirija hadi ikaziba. Siku moja gari linachemka kabla ya Lodwar, abiria wako juani na watoto wao, na makanika wa kando ya barabara, mwenye spana mbili na huruma, anaing'oa themostati na kuitupa mchangani. Gari linafika. Mimi simlaumu, pale alipokuwa ningemwomba afanye hivyo hivyo. Lakini aliyekuwa mgonjwa ni rejeta, na aliyezikwa ni themostati.

Mazishi hayo yana ujanja mbaya ndani yake. Katika injini nyingi, kifaa hicho kinapofungua njia ya rejeta huwa pia kinaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini. Ukikitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi bila kuionja rejeta. Ndiyo maana utakuta gari ambalo asubuhi kwenye tambarare halipati moto, na jioni likiwa na mzigo kwenye mlima linachemka kuliko zamani. Mwenye gari anaona miujiza au mkono wa jirani. Fundi anaona tundu moja lisilo na kizibo.

Hali ya hewa ya Lodwar, tunayoilaani kila siku, humsaidia. Limuru injini ikichelewa unaweza kuusingizia ukungu. Lodwar hata alfajiri joto hukaa karibu na nyuzi 24, kwa hiyo injini iliyokimbia robo saa na geji haijainuka haina pa kujificha. Kwa upande mwingine, jua lilo hilo huficha madhara. Kuchemka kunapiga kelele, kunatoa moshi, kunamsimamisha mtu. Baridi hainong'oni hata neno. Mafuta yasiyoungua vizuri yanaosha oili kwenye kuta za silinda na kuchuruzika chini. Gari la petroli lenye kompyuta linazidi kumiminiwa, kwa sababu sensa inasema bado ni asubuhi. Mwenye gari analalamikia bei ya petroli, ambayo kweli iko juu, huku injini inalika.

Kwa hiyo fundi anaomba kitu ambacho wateja huchukia kukitoa: gari lilale gereji. Injini iliyoendeshwa hadi mlangoni imeshafuta ushahidi wake. Kabla jua halijatoka anafungua rejeta ikiwa baridi, aone maji yamejaa, maana sensa isiyoguswa na maji husema uongo. Anawasha. Kisha anaweka kiganja juu ya mpira wa rejeta, wa juu au wa chini kutegemea themostati ilipojengwa, akangoja. Kifaa kikiwa kizima, mpira hukaa baridi dakika kadhaa huku kichwa cha injini kikipamba moto, halafu ghafla unamfukuza mkono. Kikiwa hakipo, mpira unapashika pole pole tangu mwanzo. Vitabu vinashauri pia uwashe hita ya ndani uhisi hewa yake. Lodwar kuna madereva ambao hawajawahi kukigusa kitufe hicho tangu wanunue gari.

Bado hajahukumu. Anasikiliza feni: ile yenye klachi ikishikana hunguruma wakati wote na kupoza injini isiyo na haja ya kupozwa. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu, kwenye gari la petroli la miaka ya karibuni, huenda ikatoa P0128, yaani maji hayafiki joto linalotakiwa. Hilo hata mteja alishalisema. Na Land Cruiser kuukuu ya injini ya 1HZ, ambayo pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haina hata kodi ya kusomwa. Mwisho, akiikuta themostati, anaichovya kwenye sufuria ya maji jikoni, ikining'inia kwa uzi, aone inafunguka lini.

Kakuma, kilomita kama 120 mbele ya Lodwar, ufundi huu una shule. Tangu kambi yake ya wakimbizi ianze mwaka wa 1992 imepokea watu wa Sudan, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko, na Wasalesiani wa Don Bosco wamewafundisha vijana wake ufundi wa magari. Anayejifunza hapo kuweka kiganja juu ya mpira anaweza kwenda na ufundi huo Juba au Bukavu. Mkono haudaiwi kibali cha kutoka kambini.

Ewe mwenye gari, basi: lipeleke jioni, uliache lilale. Rejeta isafishwe kwanza, ndipo themostati irudi, na uweke kulanti badala ya maji ya kisima. Ukimlipa fundi, usihesabu kifaa peke yake. Mlipe na ile asubuhi.