Unamwandikia Nani?

Kabla ya simu hizi zetu, Wakenya walikuwa na kadi za salamu. Ulinunua kadi, ukaijaza, ukaituma KBC, kisha ukakaa kando ya redio kungoja Idhaa ya Taifa ikusome. Watu walijibandika majina ya utani, wakajulikana hadi kaunti ambazo hawajawahi kukanyaga. Pesa yao ilienda hapo, kusikia tu jina likitamkwa hewani. Kwa hivyo wazee wakituambia kwamba kizazi chetu ndicho kimeanza kutaka kuonekana, wanatusingizia. Kiu ni ile ile.

Lakini kadi ilikuwa na sharti moja. Ilikuwa na mistari ya majina ya wale unaowasalimia, na usipoijaza, huna salamu. Ulisikika kwa sababu ulimtaja mwingine.

Sharti hilo ndilo limetutoka. Ukifungua Facebook, inakuuliza unawaza nini. Haikuulizi unamwambia nani. Basi tunajibu, na jibu linamwendea kila mtu, yaani haliendi kwa mtu.

Ukiniuliza mimi kwa nini naposti, nina jibu la mahojiano ya kazi: mwandishi wa kujitegemea lazima aonekane, mteja huangalia ukurasa wako kabla ya kukujibu. Ni kweli. Ila si mteja anayenifanya nishike simu saa nane usiku kuhesabu laiki. Mimi niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, na nakaa Maseno, mji unaoishi kwa chuo. Kila msimu wa mahafali majoho hupita barabarani yakielekea kwa wapiga picha. Nataka wale tuliokaa nao darasani waone kwamba sijapotea. Hiyo ndiyo nia, ukiivua nguo.

Je, nia kama hiyo inaweza kuzaa maandishi mazuri? Hapo ndipo namrudia Binyavanga Wainaina. Naye aliacha masomo, kule Transkei, Afrika Kusini, na "Discovering Home," iliyompa Tuzo ya Caine mwaka 2002, ilitokea kwanza mtandaoni. Hata "How to Write About Africa," iliyochapishwa na jarida la Granta mwaka 2005, ilianza kama barua pepe ya hasira kwa mhariri. Ilianza kama barua, ikiwa na mtu wa kuipokea.

Barua yake kubwa zaidi ilikuja Januari 2014, alipotimiza miaka 43. Wakati ulikuwa mbaya. Bunge la Uganda lilikuwa limepitisha mswada dhidi ya mashoga Desemba iliyotangulia, na rais wa Nigeria alikuwa ametia saini sheria ya kwao mwezi huo huo wa Januari. Mtu mwenye jina kama lake angeandika tamko, lisambazwe, tugombane siku tatu, tusahau. Yeye aliweka mtandaoni "I Am a Homosexual, Mum," akaiita sura iliyopotea ya kitabu chake cha 2011. Humo anajiwazia kando ya kitanda cha mamake, aliyefariki mwaka 2000 mwanawe akiwa mbali, Afrika Kusini. Anamwambia kile ambacho hakuwahi kumwambia. Sisi wengine tumesimama mlangoni tukisikiliza. Ndiyo maana ni vigumu kumkatiza: nani huingilia mtu anayeongea na mamake anayekufa?

Linganisha na video sita alizoweka YouTube mwezi huo huo, "We Must Free Our Imaginations." Zina hoja kali, na nazikubali kwa kichwa. Lakini huko anaongea na kila mtu, na maneno yanatawanyika. Mwandishi ni yule yule, mwezi ni ule ule, ujasiri ni ule ule. Kilichokosekana ni msikilizaji mwenye jina.

Kuna atakayesema mama alikuwa amekwisha kufa, kwa hivyo walengwa tulikuwa sisi, na mama ni mbinu tu. Nakubali nusu. Alitaka tusome, ndiyo sababu hakuiacha kwenye droo. Lakini marehemu halaiki. Hakupi kazi, hakuongezei wafuasi. Ukimwandikia, umebaki na jambo moja tu la kufanya: kumwambia ukweli. Halafu umma ukisoma, unapata ukweli ambao haukupimwa kwa ajili yake. Nia mbili zinaweza kukaa ndani ya maandishi mamoja. Kinachoamua ubora ni ipi imekaa mbele.

Sisemi tuzime simu. Bando nitanunua na kesho nitaposti. Kodi inalipwa na kazi zinazotoka huko. Wala sisemi kila mtu amwage siri za nyumbani ndio aitwe mwandishi. Nasema tuirudishe ile mistari ya kadi. Kabla ya kubonyeza, jaza jina.

Mimi nikijaribu, mistari yangu inajaa majina ya wanadarasa wenzangu, na papo hapo posti yangu juu ya kazi niliyopata inakufa, kwa sababu si hiyo ninayotaka kuwaambia. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba walipomaliza, hakuna aliyenipigia simu. Hiyo sijaiandika bado. Labda laiki zitakuwa chache. Lakini nikiiandika, itakuwa na wenyewe.