Mwenye Tupa

Asubuhi za Mafinga zina baridi ya kuuma vidole, na opereta mmoja ninayemtembelea kila nikipita Mufindi huviamsha vyake kwa kazi ndogo. Kambini wanamwita Fundi, basi. Hukaa juu ya kisiki, huilaza chenso, msumeno wake wa injini, magotini, huchomoa tupa ya duara kwenye mfuko wa koti na kuanza kunoa. Jino moja, jino jingine, upande mmoja wote, kisha anaigeuza mashine. Wenzake wameshavuta kamba, msitu wa paini unanguruma, yeye bado anasugua. Siku ya kwanza nilimuuliza swali la mgeni: chenso nzuri ni ipi? Hakuinua macho.

"Ngoja nimalize upande huu."

Hakunijibu siku ile. Nilijibiwa na kambi nzima.

Pale kuna ushabiki wa aina mbili. Ule wa Simba na Yanga husubiri siku ya mechi. Ule wa chenso, Stihl na Husqvarna, hauna mapumziko. Watu wa Stihl huanza kwa kutaja namba, 070, kama mtu anayetaja jina la babu yake. Ni mashine ya sentimita za ujazo 105.7, yaani injini isiyoachwa mbali sana na ya bodaboda, na uzito wake unapita kilo 10 kabla hujaifunga baa. Haizunguki kwa kasi kama mashine za siku hizi, lakini inavuta. Ukiizamisha baa ndefu kwenye gogo la mkongo, mlio unashuka, unakuwa mzito, haufi. Ndiyo maana wapasuaji mbao wa misitu ya asili waliipenda: mtu anayechana gogo kwa urefu wake, futi baada ya futi, hahitaji mbio, anahitaji pumzi.

Watu wa Husqvarna huwasikiliza huku wakitabasamu. Kilo zote hizo, wanauliza, utazibeba wewe mchana kutwa kwenye mteremko? Wao kazi yao ni kuangusha paini na kupunguza matawi, mti baada ya mti, na wanataka kitu chepesi kinachochangamka mara tu ukigusa mafuta. Wanasifu pia namna mashine zao zinavyotumia upepo wa gurudumu la injini kutupa nje vumbi kubwa kabla halijaifikia filta. Kwenye msitu wa kupandwa wakati wa kiangazi, hiyo si sifa ndogo.

Kampuni zenyewe zina historia zisizofanana. Andreas Stihl alianza mwaka 1926 huko Stuttgart, Ujerumani, na mapema sana akawa mtu wa misumeno: kwanza ya umeme, ya kushikwa na watu wawili, kisha ya petroli mwaka 1929. Husqvarna ya Sweden ni bibi kizee aliyefanya kila kazi. Ilizaliwa mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki, ikatengeneza cherehani, baiskeli, pikipiki, na chenso yake ya kwanza haikutoka hadi mwaka 1959. Nilipowasimulia haya kambini, kijana mmoja wa Stihl alishangilia kana kwamba timu yake imefunga goli.

Mimi nadhani pande zote mbili zinasema kweli nusu. Ukikaa nao siku tatu unaona kwamba mtu huipenda chenso aliyofundishiwa, ile ambayo masikio yake yanaujua mlio wake kiasi cha kutambua kabureta ikianza kukosa mafuta kabla injini haijakohoa. Na huipenda zaidi ile ambayo spea zake zinauzwa mjini. Plagi ikifa Jumanne, au kamba ya kuwashia ikikatika, sifa za kiwandani hazimsaidii mtu. Kinachomsaidia ni duka lenye spea halisi na fundi anayeweza kuifungua mashine hiyo akiwa amefumba macho. Mashine bora duniani isiyo na spea ndani ya mwendo wa bodaboda ni chuma cha kuwekea mlango usifungwe na upepo.

Nasema hivi nikiwa na kovu. Niliwahi kununua chenso ya bei rahisi, jina lake siliweki hapa, kwa ajili ya milingoti michache shambani. Haikumaliza mwezi. Nikampelekea Fundi nikiwa na hotuba nzima ya kumlaani aliyeniuzia. Akafungua mafla, akaniambia nichungulie kwenye tundu la moshi. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo kama iliyoparuliwa na paka. "Mafuta ulichanganyaje?" Nilichanganya kwa macho, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Hakunikaripia. Alitoa bomba la sindano la mililita 20, akalishika mbele ya uso wangu: bomba moja la oili nzuri ya kazi hiyo kwa kila lita ya petroli, ndiyo moja kwa hamsini; oili ya kawaida, mabomba mawili. Hotuba yangu nikaimeza.

Ila sifa zangu kubwa nimeziwekea tupa, na ili kuisifu lazima nimtaje mdudu. Cheni za zamani zilikuwa na meno ya kukwaruza, yaliyoiga msumeno wa mkono, na zilikuwa butu kabla jua halijawa kali. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon, Marekani, aliinama kwenye kisiki akamwangalia buu wa mbawakawa akitafuna mti. Buu hakukwaruza. Taya zake zilizojipinda zilikata kushoto na kulia, zikafuata nyuzi za mti na kuzikatiza kadiri alivyotaka. Cox akatengeneza cheni yenye meno ya namna hiyo, moja la kushoto, moja la kulia, na mwaka uliofuata akaanza kuiuza. Cheni inayozunguka leo kwenye mashine ya Mjerumani, ya Mswidi na ya Mchina ni mjukuu wa yule buu. Wanaogombana kambini hugombania injini, na wote wanakata kwa meno ya ukoo mmoja.

Meno hayo hayajinoi. Fundi hutumia tupa ya milimita 5.5 kwa cheni kubwa ya .404, na ya 5.2 kwa cheni ya 3/8, na hachanganyi. Husukuma kwenda mbele tu; akirudi, anaiinua. Kila jino mara nne, si tatu wala tano, kwa sababu meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande wa pili chenso itakata upinde, na wewe utadhani baa imepinda. Kwa kuangusha mti hushika nyuzi 30 hivi. Kwa kuchana mbao hulaza tupa hadi nyuzi 10. Kila baada ya kunoa mara kadhaa hutoa tupa bapa akapunguza kidogo vile vipande vifupi vinavyotangulia jino, maana ndivyo vinavyoamua jino lizame kiasi gani. Ukivipunguza kwa pupa, chenso inakuwa kama punda aliyeumwa na nyuki. Pua ya baa ikigusa gogo jingine, mashine humrukia mwenyewe usoni. Breki ya cheni imewaokoa wengi tangu miaka ya 1970, lakini haikutengenezwa ili mtu ajaribu bahati.

Zamani Fundi alifanya kazi kwenye mvule. Anasema ndani ya mvule kuna mawe, nami nilidhani ni usemi. Si usemi. Mti ule huweza kujijengea uvimbe wa chokaa ngumu katikati ya mbao, na kutoka nje huoni kitu. Cheni iliyonolewa saa nzima inaliwa kwa dakika moja. "Unakaa chini," alisema, "unanoa tena." Kutoka miaka ile ya mashine za mpini uliofungwa moja kwa moja kwenye injini amebaki na vidole viwili vinavyogeuka vyeupe na kufa ganzi kukiwa na baridi. Anavishikisha tupa hivyohivyo.

Safari yangu ya mwisho alikuja kijana na chenso mpya, ya rangi ya chungwa yenye jina linalofanana na la kampuni kubwa likipungua herufi moja.

"Shikamoo, Fundi. Nimeibiwa. Haikati, inatoa vumbi tu."

"Marahaba. Ilete."

Aliinoa bila neno. Akamwonyesha kijana jino la mwisho, akampa tupa alimalize mwenyewe, akamshika kiwiko kuirekebisha pembe. Kisha akaivuta kamba, akaiegemeza mashine kwenye gogo bila kuikandamiza, ikashuka kwa uzito wake. Fundi akatandaza kiganja nyuma ya cheni. Lililomwagika halikuwa vumbi tena. Vilikuwa vipande vipana, vinavyonukia utomvu, vya kuhesabika.

"Kumbe ni nzuri!" kijana akapiga kelele.

Fundi aliizima, akamrudishia.

"Cheni ndiyo nzuri. Mashine itakufia Agosti." Akanyoosha mkono. "Na tupa yangu, umeitia mfukoni."