Kusambaa au Kurithi? Uhakiki wa Istilahi za Seva Wakala

Miongoni mwa istilahi zinazohitajiwa na mafundi wa kompyuta ni zile zihusuzo seva inayosimama kati ya mtandao wa ofisi na intaneti. Katika programu zilizotafsiriwa huonekana jina "seva mbadala". Jina hili lina kasoro. Kibadala hushika nafasi ya kitu kisichokuwapo. Ilhali seva hii haiiondoi seva ya asili, bali huiendea na kurudi na jibu kwa niaba ya aliyeituma. Hiyo ni kazi ya wakala, neno lililokwisha kuzoeleka katika sheria na biashara. Kwa hiyo twapendelea "seva wakala".

Kasoro kubwa zaidi imo katika kitenzi. Anwani ya wakala ikibadilishwa, mfasiri huelekea kusema kwamba badiliko "limesambazwa" kwa kazi za ratiba na huduma zinazoendelea. Asikiapo "kusambaa", msomaji huona maji shambani: yakifunguliwa juu, chini hufika yenyewe. Katika Unix na jamaa yake Linux mambo si hivyo. Tangu toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, programu inapoanzishwa hupewa nakala ya vigeu vya mazingira vya ile iliyoianzisha. Mzazi akibadili vyake baadaye, mtoto hubaki na nakala ya zamani. Cron, mtunza ratiba, naye hasomi faili zinazosomwa mtumiaji anapoingia; anwani iliyoandikwa humo haizifikii kazi zake. Na katika systemd, msimamizi hata akisoma upya mipangilio, huduma iliyo hai haibadiliki mpaka ianzishwe upya.

Hili si suala la ladha ya maneno. Fundi aliyeamini kwamba badiliko "limesambazwa" hufunga ofisi. Usiku kazi ya kupakua marekebisho ya usalama huita anwani iliyokufa. Asubuhi lawama humwangukia fundi, na kosa ni la mfasiri.

Twapendekeza vitenzi vitatu: "kurithi", kwa programu ipokeayo vigeu inapoanza, "kusoma upya", kwa ile iwezayo kurudia faili yake ya mipangilio ikipewa ishara, na "kuanzisha upya", kwa ile isiyoweza. Huenda wengine wakapinga kwamba mrithi hungoja kifo. Lakini Kiswahili chasema pia kwamba mtoto amerithi sura ya mzazi aliye hai; na mzazi akipata kovu ukubwani, mtoto aliyekwisha kuzaliwa halipati. Mfano huo waeleza jambo lenyewe barabara.

"Kusambaza" na kubaki kwa kazi ya kupeleka faili ile ile kwenye kompyuta nyingi. Twawaomba wasomaji, hasa mafundi, watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.